Christiane Taubira, mbunge wa Guyane aliyefika kuwa Waziri wa Sheria wa Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Mei inapokaribia, na kila Ufaransa inapofanya uchaguzi, jina la mama huyu huibuka tena, na maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa mpangilio wa maisha yake, ingawa mahali pengine nimekaa zaidi kwa sababu habari yenyewe inatugusa.

Christiane Taubira ni nani, kwa kifupi?

Ni mwanasiasa wa Ufaransa aliyezaliwa Cayenne, makao makuu ya Guyane, tarehe 2 Februari 1952. Alikuwa mbunge kuanzia 1993 hadi 2012, akawa mbunge wa Bunge la Ulaya kati ya 1994 na 1999, akagombea urais 2002, kisha akawa Waziri wa Sheria chini ya Rais François Hollande kuanzia Mei 2012 hadi Januari 2016. Sheria mbili zimebeba jina lake midomoni mwa watu: ya 2001 kuhusu utumwa, na ya 2013 kuhusu ndoa. Ya kwanza aliipitisha akiwa mbunge tu, hana wizara, hana chama kikubwa nyuma yake. Mimi naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Jina lake linatamkwaje?

Tobira. Herufi "au" kwa Kifaransa husomwa "o".

Je, ni Mwafrika?

Hapana, ni Mfaransa wa Guyane. Guyane iko Amerika Kusini, kati ya Suriname na Brazil, msitu mtupu sehemu kubwa, lakini kisheria ni Ufaransa kamili: tangu 1946 ni mkoa wa Ufaransa, noti zake ni yuro, na roketi za Ulaya hurushwa kutoka Kourou. Msiichanganye na Guyana, jirani wa Suriname upande wa pili, ambayo ni nchi huru inayosema Kiingereza. Sehemu ya watu wa Guyane ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kule kwa nguvu kulima mashamba ya Wafaransa. Taubira anatoka kwenye ukoo huo. Mama yake alikuwa msaidizi wa wauguzi na aliwalea watoto wake peke yake. Alifariki Christiane akiwa bado kijana.

Ni kweli aliwahi kutaka Guyane ijitenge na Ufaransa?

Kweli. Alisoma Paris, uchumi na sosholojia miongoni mwa mengine, akarudi nyumbani kufundisha, na mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa ndani ya harakati za kudai uhuru wa Guyane. Baada ya François Mitterrand kushinda urais 1981 aliachana na njia hiyo. Wapinzani wake walimkumbusha jambo hili kila walipopata nafasi, kana kwamba mtu akiwahi kuidai nchi yake haruhusiwi tena kuitumikia nyingine.

Aliingiaje bungeni?

Kwa chama kidogo cha kwao. Mwaka 1992 yeye na wenzake walianzisha Walwari, neno la Wapalikur, wenyeji wa asili wa Guyane, lenye maana ya kipepeo cha kupepea moto. Mwaka uliofuata akachaguliwa mbunge. Paris hawakumjua, na hatua yake ya kwanza iliwashangaza wengi: ingawa ni mtu wa mrengo wa kushoto, aliipigia kura ya imani serikali ya Édouard Balladur ya mrengo wa kulia. Mwaka 1994 akaingia Bunge la Ulaya kupitia orodha iliyoongozwa na mfanyabiashara Bernard Tapie. Kwa hiyo anayemdhania kuwa mtu wa chama, mwenye kufuata mstari, hajamjua. Hata Chama cha Kisoshalisti, ambacho wengi hudhani ni chake, hakikuwa chake.

"Sheria ya Taubira" inasema nini hasa?

Ni fupi, ina vifungu vitano. Kifungu cha kwanza ndicho moyo wake. Kwa Kiswahili kinasema hivi: Jamhuri ya Ufaransa inatambua kwamba biashara ya watumwa weusi ya kuvuka Atlantiki pamoja na ile ya Bahari ya Hindi kwa upande mmoja, na utumwa kwa upande mwingine, vilivyotendwa tangu karne ya 15 katika Amerika na Karibi, katika Bahari ya Hindi na Ulaya, dhidi ya watu wa Afrika, wenyeji wa asili wa Amerika, Wamalagasi na Wahindi, ni uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Vifungu vingine vinataka shule zifundishe habari hii kwa uzito unaostahili na watafiti waisaidie, vinaitaka Ufaransa ipeleke ombi la utambuzi kama huo kwenye jumuiya za kimataifa, vinaweka siku ya kumbukumbu, na vinavipa vyama vinavyotetea heshima ya wajukuu wa watumwa haki ya kwenda mahakamani.

Bunge la Taifa liliupitisha muswada kwa mara ya kwanza tarehe 18 Februari 1999, kwa kauli moja. Lakini kuna kitu kilichoachwa njiani. Rasimu ya mwanzo ilitaka iundwe kamati ya kupima hasara waliyopata waathirika na kutazama namna ya kuifidia. Kwenye kamati ya bunge sehemu hiyo ilifutwa. Utambuzi ulipita, fidia ikabaki mlangoni. Seneti ilikamilisha kazi tarehe 10 Mei 2001, na sheria ikatiwa saini tarehe 21 Mei. Ndiyo maana Ufaransa huadhimisha 10 Mei, tangu 2006, kwa uamuzi wa Rais Jacques Chirac.

Kwa nini Bahari ya Hindi imetajwa? Sisi wa pwani tunahusikaje?

Tunahusika moja kwa moja, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Katika karne ya 18 Wafaransa walikuwa na visiwa viwili vya mashamba katika bahari yetu: Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Mashamba yalitaka mikono. Mikono ilitoka Madagaska, Msumbiji, na pwani ya Waswahili.

Tarehe 14 Septemba 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa, Hassan bin Ibrahim bin Yusuf. Ukiusoma unasikia baridi, maana umeandikwa kama hati ya kununua nazi. Sultani ampatie Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20, sarafu za fedha za enzi hizo, kila mmoja. Juu ya hapo, Morice ampe Sultani zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Mzungu mwingine yeyote asiruhusiwe kununua mpaka Morice apate wake. Na muda wa mkataba: miaka 100.

Miaka mia haikufika, bila shaka. Lakini hesabu ya mkataba inaonyesha walivyofikiri: watu laki moja, waliotiwa kwenye karatasi kabla wengi wao hawajazaliwa. Sheria inaposema "Bahari ya Hindi" inawahusu watu kama hao. Mbunge kutoka upande wa pili wa dunia, ambaye babu zake walivushwa Atlantiki, hakuwasahau waliosafirishwa kutoka Kilwa. Angeweza kuandika "Atlantiki" akaishia hapo, na hakuna mtu Paris ambaye angemuuliza.

Lakini si sheria hiyo inawabeba Waarabu na watawala wa Kiafrika waliouza watu?

Hii ndiyo lawama inayorudiwa zaidi. Wakosoaji wanasema sheria imeikazia macho biashara ya Wazungu na kuinyamazia ile ya Sahara na ya wafanyabiashara wa Kiarabu. Ukisoma kifungu chenyewe, hakimtaji mfanyabiashara wa taifa lolote. Kinataja bahari, karne na waathirika. Ni kweli, hata hivyo, kwamba kwa kuanzia karne ya 15 kinaacha nje mengi yaliyotangulia, na jangwa la Sahara halimo kabisa. Jibu la upande wake ni kwamba bunge la Ufaransa linaungama ya Ufaransa. Naliona jibu hilo linatosha kwa Paris. Kwetu halitoshi, kwa sababu mkataba wa Kilwa una majina mawili chini yake, na moja ni la mtu wa pwani. Lakini kazi ya kuliungama hilo la pili haikuwa ya mbunge wa Guyane.

Wanahistoria nao walikuja na lawama nyingine. Mwaka 2005 mmoja wao alishtakiwa na chama cha watu wa visiwa vya ng'ambo kwa kauli zake kuhusu sheria hiyo na utumwa. Kesi iliondolewa mwaka uliofuata, lakini wenzake wakawa wameshatoa tamko wakitaka bunge lisiwapangie historia. Mjadala huo haujafa.

Je, ni yeye aliyemwangusha Lionel Jospin mwaka 2002?

Wapo wasoshalisti ambao mpaka leo hawajamsamehe. Tutazame takwimu.

Uchaguzi wa urais wa 2002 ulikuwa na wagombea 16. Taubira alisimama kwa tiketi ya chama kidogo cha Radikali wa mrengo wa kushoto, akapata kura 660,447, yaani asilimia 2.32. Jospin, aliyekuwa Waziri Mkuu na tumaini la mrengo wote wa kushoto, alipata asilimia 16.18. Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia akapata 16.86 na kuingia duru ya pili na Chirac. Tofauti kati ya Jospin na Le Pen haikufika kura 195,000. Kwa hesabu ya juujuu, ndiyo, kura za Taubira zingetosha.

Lakini Jean-Pierre Chevènement, aliyekuwa waziri wa Jospin mwenyewe, alichukua zaidi ya asilimia 5. Mgombea wa Kijani naye zaidi ya 5. Wafuasi wa Trotsky, yaani wakomunisti wa mrengo mkali wa kushoto, wakachukua zaidi ya 10 kwa pamoja. Kura za kushoto ziligawanywa kama pilau ya shughuli, kila mtu na sahani yake. Ajabu ni kwamba lawama zilimwangukia zaidi aliyechota kijiko kidogo kuliko wote hao. Msomaji atajua mwenyewe kwa nini.

Ana uhusiano gani na mikataba ya biashara ya Ulaya na Afrika, ile ya EPA?

Wengi hawaijui habari hii. Mwaka 2008 Rais Nicolas Sarkozy, mpinzani wake kisiasa, alimpa kazi ya kuandika ripoti kuhusu mikataba ya ubia wa kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Huenda alitarajia ripoti ya adabu. Taubira akaandika ripoti kali, akisema Ulaya inazisukuma nchi maskini kufungua masoko kabla hazijawa tayari, na kwamba maendeleo yatangulie biashara. Ripoti ikapokelewa kwa baridi.

Afrika Mashariki tuliyaona yenyewe baadaye. Mazungumzo ya Jumuiya yetu na Ulaya yalikamilika Oktoba 2014, na Julai 2016 Tanzania ikakataa kusaini, ikihofia viwanda vyake. Kenya mwishowe ilisaini peke yake Desemba 2023. Hoja zilizosikika Dodoma zilikuwa jamaa wa karibu wa zile za ripoti ya 2008.

Waziri wa Sheria wa Ufaransa hufanya nini? Na mbona anaitwa "Mtunza Mihuri"?

Anasimamia mahakama, magereza na waendesha mashtaka, na huandaa sheria za jinai na za madai. Jina "Mtunza Mihuri" limetoka enzi za wafalme, alipokuwepo ofisa wa kutunza mhuri wa mfalme, na waziri wa leo bado analo jina hilo. Ofisi iko Place Vendôme, Paris, jirani na maduka ya vito.

Tofauti na Tanzania, Ufaransa waziri haruhusiwi kubaki mbunge. Ukiteuliwa unaacha kiti. Taubira aliteuliwa Mei 2012, wiki chache kabla ya uchaguzi wa bunge, na hakugombea tena.

Sheria ya ndoa ya 2013 ilikuwaje?

Iliruhusu watu wawili wa jinsia moja kufunga ndoa ya serikali na kuasili watoto. Ilikuwa ahadi ya Hollande kwenye kampeni, na Taubira kama Waziri wa Sheria ndiye aliyeibeba bungeni. Mjadala ulikuwa mrefu kupita kiasi: wapinzani waliwasilisha mapendekezo ya marekebisho zaidi ya 5,000 katika usomaji wa kwanza, vikao vilikesha hadi alfajiri, na nje maelfu kwa maelfu waliandamana kupinga. Muswada ulipita tarehe 23 Aprili 2013 kwa kura 331 dhidi ya 225, ukawa sheria tarehe 17 Mei.

Kila mtu ana msimamo wake juu ya jambo lenyewe, na ukurasa huu si mahali pa kuupima. Lakini hata waliompinga walikubali jambo moja: alikuwa akisimama bila karatasi. Usiku fulani alighani kwa moyo beti za mshairi wa kwao Cayenne, mbele ya wabunge waliokuwa wamechoka na macho mekundu, na upande wake wote ukasimama. Kwetu, tuliozoea kumheshimu mtu anayejua kusema, ni rahisi kuelewa kwa nini usiku ule ulimpa jina kuliko mwaka mzima wa wizara.

Nje ya ndoa, alifanya nini wizarani?

Mambo ambayo hayakupigiwa kelele, na baadhi yana uzito zaidi. Sheria ya Julai 2013 ilimkataza waziri kumwagiza mwendesha mashtaka afanye hivi au vile katika kesi ya mtu fulani; yaani alijifunga mikono mwenyewe, jambo ambalo si kila waziri wa sheria duniani angekubali. Baada ya kashfa ya waziri mwenzake wa bajeti aliyekuwa na akaunti ya siri ng'ambo, iliundwa ofisi maalumu ya kitaifa ya mashtaka ya fedha, iliyoanza kazi 2014. Ofisi hiyo hiyo ndiyo iliyofungua uchunguzi dhidi ya François Fillon, mgombea wa mrengo wa kulia, katikati ya kampeni za urais za 2017.

Kwenye magereza hakufaulu sana. Sheria ya Agosti 2014 ilifuta vifungo vya chini vya lazima vilivyowekwa 2007 na kuleta adhabu mpya ya kutumikiwa nje ya gereza, chini ya uangalizi. Mrengo wa kulia ulimwita mlegevu kwa wahalifu. Majaji wenyewe waliitumia adhabu hiyo kwa nadra, na baadaye ikafutwa.

Yale matusi ya ndizi na nyani yalikuwa nini?

Oktoba 2013 alikwenda mji wa Angers kikazi. Miongoni mwa waandamanaji waliopinga sheria ya ndoa alikuwepo mtoto wa kike aliyeshika ganda la ndizi, na kelele za kumwita nyani zikasikika. Mwezi uliofuata jarida moja la mrengo mkali wa kulia likamfananisha na nyani kwenye jalada. Mkuu wa jarida hilo alitozwa faini ya yuro 10,000. Taubira alizungumza na gazeti moja la Paris, na malalamiko yake hayakuwa juu ya mtoto. Alilalamika kwamba haikuinuka sauti kubwa na nzuri ya kuitahadharisha nchi. Wakubwa wenzake walikuwa wamekaa kimya siku nyingi mno.

Kwa nini alijiuzulu?

Baada ya mashambulizi ya Paris ya tarehe 13 Novemba 2015, Hollande alitaka Katiba ibadilishwe ili mtu mwenye uraia wa nchi mbili, hata kama amezaliwa Ufaransa, aweze kunyang'anywa uraia wa Ufaransa akipatikana na hatia ya ugaidi. Taubira aliona hilo linagawa raia mafungu mawili. Desemba, akiwa Algiers, aliiambia redio ya huko kwamba pendekezo limeachwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba liko pale pale. Fikiria aibu ile.

Alivumilia mwezi mmoja. Tarehe 27 Januari 2016 alijiuzulu, akaandika kwamba mara nyingine kupinga ni kubaki na mara nyingine kupinga ni kuondoka, kisha akatoka wizarani akiendesha baiskeli. Siku chache baadaye kitabu chake kifupi kuhusu suala hilo kilikuwa madukani. Kilikuwa kimechapwa kimyakimya. Mwisho wa Machi Hollande mwenyewe akaliacha pendekezo.

Kwa nini hakugombea urais 2022?

Alitaka. Alishinda kura ya mchujo iliyoandaliwa na wananchi wa mrengo wa kushoto mwisho wa Januari, iliyopigwa mtandaoni na watu karibu 392,000. Lakini Ufaransa mgombea lazima apate saini 500 za viongozi waliochaguliwa, wengi wao mameya wa vijiji. Hakuzipata, akajitoa tarehe 2 Machi. Aliyekuwa na hotuba hakuwa na chama, na saini za mameya hufuata chama.

Siku za kumbukumbu ya utumwa ni zipi? Ni 10 Mei tu?

10 Mei ni ya taifa zima. Paris sherehe hufanyika bustani ya Luxembourg, kando ya Seneti, penye sanamu ya mnyororo wa pete tatu, moja ikiwa imefunguka. Maeneo ya ng'ambo yana siku zake: Guyane ni 10 Juni. Mayotte, kisiwa jirani na Komoro ambako Kimaore wanachosema ni ndugu wa Kiswahili chetu, ni 27 Aprili. Réunion ni 20 Desemba, siku utumwa ulipokoma kisiwani mwaka 1848. Huko huiita Fèt Kaf, sikukuu ya Makaf, yaani watu weusi wa kisiwa, wajukuu wa waliovushwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu. Neno "kaf" mnalijua: ni "kafiri", lililopanda jahazi pamoja nao.